Nyumba Tisa na Masanduku Mawili

Sista alipanda ngazi na mfuko wa vitunguu mkono mmoja, nyama mkono wa pili, na uchovu wa zamu ya siku mbili mwili mzima. Alipofika ghorofa ya tatu akamkuta mama yake mzazi amekaa kwenye kiti nje ya mlango, begi miguuni, mikono juu ya begi, ametulia utadhani anangoja kuitwa na daktari.

"Mama!"

"Ndiyo mimi."

"Si ulisema utakuja kesho?"

"Nilisema kesho, nimekuja leo. Sasa nirudi?"

Sista akacheka, akapiga magoti kumwamkia, akambusu mikono yote miwili. Jamani, mama ni mama. Miaka miwili walikuwa wanasikiana kwenye simu tu, na hapo alipo alinukia sabuni ileile ya tangu Sista yuko darasa la kwanza. Kwa dakika moja alisahau kabisa kwamba ziara hii ilikuwa imepangwa kama harusi, saa kwa saa, na kwamba mgeni kuja siku moja kabla kumeivuruga yote.

"Na hiki kiti umekitoa wapi?" akauliza huku akitafuta ufunguo.

"Nimepewa na mwenye nyumba," mama akasema.

"Mwenye nyumba gani?"

Bila kungoja jibu, Sista akaingiza ufunguo. Uliingia nusu, ukakwama. Akauchomoa, akaupuliza, akaufuta kwenye sketi, akajaribu tena. Ukakwama palepale. Kisha mlango ukafunguliwa kutoka ndani, na mwanamke mwenye miwani na chaki kwenye vidole akasimama pale, mtoto mmoja amemshika gauni.

"Karibu, dada. Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu. Mimi nakaa hapa."

"Hapa?" Yule mwalimu akamtazama, akautazama ufunguo mkononi mwake, akamwonea huruma. "Mimi nimehamia jana, dada. Fundi wa vitasa amebadilisha leo asubuhi. Ndiyo maana nilimwambia mama hapa kwamba pengine amekosea jengo."

Sista akachungulia juu ya bega la mwalimu. Jiko lilionekana mpaka mwisho. Ule ukuta wa dirishani, ule mmoja aliokuwa ameomba uachwe hivyohivyo na madoa yake mpaka wiki ijayo, ulikuwa mweupe pe, umepakwa ukapakika, hauna hata alama ya brashi.

Akaelewa.

Nisimame kidogo hapa nikueleze, maana ukiendelea hivihivi utamdhania Sista mwendawazimu asiyejua nyumba yake.

Mpenzi wake alikuwa fundi rangi. Dalali mmoja alikuwa akimpa nyumba zinazoachwa wazi, mpangaji ametoka, mwingine hajaingia. Fundi anahamia humohumo, anapiga msasa, anaziba nyufa, anapaka kuta, anapaka dari, na akimaliza anakabidhi ufunguo na kwenda nyingine. Miezi miwili, mitatu, hata minne. Sista alimfuata kwa mapenzi, na mapenzi hayaulizi anwani. Walianza nyuma ya kiwanda cha mikate, wakaenda juu ya karakana ya magari, wakaenda ghorofa ya tisa isiyo na lifti, wakaenda kando ya reli. Nyumba nane kwa miaka miwili, zote ndani ya jiji hilihili moja. Kila walichokuwa nacho kilienea kwenye masanduku mawili, na kisichoenea hakikununuliwa. Usiku Sista alikuwa akinyoosha mkono kutafuta swichi ya taa mahali ilipokuwa kwenye nyumba iliyopita, akipapasa ukuta mtupu. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, na fundi rangi huyu alipamba nyumba za jiji zima asilale hata kwenye moja akaiita yake.

Na mama hakujua lolote kuhusu kuhamahama huku. Kaka mkubwa wa Sista aliposikia kwamba dada yake amependa fundi rangi, alicheka mezani mbele ya watu. "Mtu wa ndoo na ngazi! Muuguzi mzima umeshindwa hata kupata karani?" Basi Sista, kwa hasira na kwa aibu, akajenga nyumba kwa maneno. Kila alipompigia mama alisema "nyumbani kwetu," nyumba moja tu, yenye vyumba viwili na mlango wao wenyewe. Mama akasema atakuja aione kwa macho yake, na atakaloliona ndilo atakalowaambia wanawe. Neno la mama kwenye ukoo ule lilikuwa la mwisho. Akikubali, kaka atanyamaza. Akikataa, basi.

Ndipo Sista akamwomba Fundi jambo moja. "Usimalize jiko. Mama anakuja Jumamosi. Acha ule ukuta mmoja, tukae mpaka aondoke. Utaweza?"

"Kuacha ukuta?" Fundi alisema huku akijikuna kichwa. "Unaniomba kazi ngumu kuliko kupaka." Lakini akaahidi.

Sasa leo ni Ijumaa, na ukuta umekamilika, na Sista amesimama mlangoni kwa mwalimu na ufunguo wa bure. Simu yake, kama kawaida ya kazi yake kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ilikuwa imefungiwa kabatini siku zote mbili, na alipoichukua ilikuwa imezima. Hakujua kitu. Alikuwa amehamishwa nyumba kama kuku, na amekuja kujulia mbele ya mama yake.

"Mwanangu," mama akasema taratibu, "unakaa wapi?"

Kabla hajapata uongo wa kusema, ngazi zikalia kwa miguu ya mtu anayekimbia. Fundi akatokea, anahema, jasho linamtiririka, suruali imejaa rangi za nyumba nane. Alipomwona mama akasimama ghafla, akajifuta mikono haraka na kuinama.

"Shikamoo, mama."

Mama akamtazama kwa muda. "Marahaba, mwanangu."

Mwalimu, ambaye hakuwa na ubaya wowote, aliyetaka tu jambo hili liishe aendelee kupanga vyombo vyake, akamgeukia Sista. "Ooh, afadhali. Huyu ndiye mumeo?"

Wakati mwingine neno linatoka mtu hajalikaribisha. Sista aliiona ile suruali, akaisikia sauti ya kaka yake, mtu wa ndoo na ngazi, akaona uso wa mama unangoja. Akajibu harakaharaka, kwa kicheko kidogo ambacho baadaye alitamani angejiuma ulimi kabla ya kukicheka.

"Huyu? Hapana. Huyu ni fundi rangi tu."

Mtoto wa mwalimu aliacha kuvuta gauni.

Fundi alimwangalia Sista. Hakumwangalia kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Alimwangalia jinsi mtu anavyomwangalia mtu aliyemfananisha njiani, akakaribia, akakuta siye. Kisha akamgeukia mwalimu.

"Ndiyo, mama. Mimi ndiye niliyepaka hapa. Jiko limekauka vizuri, lakini kabati usiliegemeze ukutani mpaka keshokutwa. Likikwaruza, dalali ana namba yangu, nitakuja kurekebisha." Akainama, akachukua begi la mama, akaliweka begani. "Na wewe, dada, mizigo yako nilishaihamishia kule kupya. Si mbali. Nikupelekeni?"

Dada. Miaka miwili hakuwahi kumwita dada. Alimwita mpenzi, alimwita mama chanja, kama chanja la kuanikia masufuria, kila Sista alipomkaripia kuhusu vyombo, na akiwa na furaha sana alimwita boma langu.

Wakatoka. Fundi mbele na begi, mama ubavuni mwake, Sista nyuma na vitunguu vyake. Njia ilipita nyuma ya maduka ya vipuri, mafundi wanapiga nyundo, na mama alikuwa anatembea polepole na kuuliza maswali kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Kazi hii umeifanya miaka mingapi, fundi?"

"Kumi na miwili, mama. Nilimfuata mjomba wangu nikiwa bado nafika kiunoni mwa ngazi."

"Inalipa?"

"Inalisha. Haijawahi kunilaza njaa."

"Na wewe unakaa wapi?"

Sasa mama atamsikia akidanganya, Sista akasema moyoni, sasa tutakuwa waongo wawili. Fundi hakudanganya.

"Ninapopaka, mama, ndipo ninapokaa. Nikimaliza nahama. Nikifanya kazi vizuri nahama mapema zaidi." Akacheka kidogo. "Ni kazi ya ajabu. Kadiri unavyoipenda nyumba ndivyo unavyoiharakisha kukutoa."

"Huna mke?"

Mafundi walipiga nyundo tatu, nne, tano.

"Nilikuwa na mtu," Fundi akasema. "Alinivumilia nyumba nane. Sijui kama mimi ningevumilia. Alikuwa akitoka zamu amechoka hivi, anakuta godoro limejaa vumbi la msasa, anafuta, analala. Hakuwahi kulalamika ila kuhusu vyombo."

"Mwanamke wa hivyo ni wa kushika," mama akasema.

"Nilijua hivyo, mama."

Nyuma yao machozi ya Sista yalimwagika kwenye vitunguu ambavyo havijamenywa. Alitaka kukimbia awapite, asimame mbele yao, aseme ni mimi, mama, mtu mwenyewe ni mimi. Hatua kumi tu. Lakini mtu akishasema uongo mbele ya mama yake, miguu huwa mizito. Akajiambia, tukifika. Tukifika nitasema.

Walifika. Ilikuwa nyumba ya chini, yenye ua mdogo na bomba lake. Fundi akafungua. Sebule, jiko, chumba kimoja, na chumba cha pili chenye mlango unaofungika. Kwenye kile cha pili kulikuwa na kitanda. Siyo godoro sakafuni, kitanda chenye miguu, shuka limetandikwa likanyooka, na kando yake kigoda cha kupandia, kwa sababu Sista aliwahi kumwambia kwamba mama anaumwa magoti. Dirisha lilikuwa wazi ili harufu ya rangi itoke.

"Chumba chako, mama," Fundi akasema, akaliweka begi. "Karibu sana. Upumzike." Akamkabidhi Sista ufunguo bila kumgusa kidole, akatoka.

Sista akamkimbilia, akamkuta kwenye geti.

"Fundi wangu! Ngoja. Ngoja basi."

Akasimama lakini hakugeuka.

"Kwa nini hukuniambia?" Na hapo, Mungu amsamehe, alianza kwa kulaumu. "Nilikuomba ukuta mmoja! Mmoja! Nimeaibika mbele ya mama, naingiza ufunguo kwenye nyumba ya mtu!"

"Juzi dalali alinionyesha hii," Fundi akasema. "Vyumba viwili, miezi sita. Mwenyewe amesafiri, anataka kazi ya polepole. Nikafikiri mama atalala wapi kule? Sebuleni, chini, na magoti yale? Dalali akasema, hii ni ya leo, kesho ina mtu mwingine, na kule mwalimu anataka kuingia, rangi imekauka? Ningesema bado ningekaa. Nikasema imekauka, na ule ukuta nikaupaka usiku uleule." Akageuka sasa. "Nilikupigia mara kumi na moja."

"Simu ilikuwa kabatini."

"Najua. Ndiyo maana leo nilikuja kukungoja nje ya kazi kwako. Kumbe umetokea mlango wa nyuma, umepitia sokoni. Nilitaka nikulete hapa nimekufumba macho." Akatikisa kichwa. "Upumbavu. Mtu mzima anacheza michezo."

Sista alimshika mkono wa shati. "Nisamehe. Nilihamaki. Ulimi hauna mfupa, unanijua, sikumaanisha."

"Ulimaanisha nini?"

"Niliogopa mama."

"Mama yupi? Yule niliyetembea naye sasa hivi?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Sikiliza. Ungesema hunijui, ningecheka. Ningekaa pembeni, jioni ungenipikia, yakaisha. Lakini uliitaja kazi yangu. Uliitoa kama mtu anavyotoa taka. Kaka yako akisema hivyo simjali, hajawahi kukaa ndani ya ukuta niliopaka. Wewe umelala ndani ya kuta zangu nane."

"Nilikuwa nimechoka..."

"Najua ulichoka. Mimi ndiye niliyekuchosha, na hilo ni langu, nalijutia. Nilifikiri mwaka mmoja tu wa hivi, kisha tutatulia. Ukawa miwili." Akauondoa mkono wake taratibu, kidole kimoja kimoja. "Kuna jengo tunapaka upande wa pili wa jiji. Nitalala kule na wenzangu. Ninyi kaeni. Miezi sita hakuna wa kuwatoa."

"Na wewe?"

"Niache nipumue," akasema, akaondoka, na Sista akamwangalia mpaka kona ikamla.

Aliporudi ndani alimkuta mama amekaa kitandani, amevua viatu, anapima ulaini wa godoro kwa kiganja.

"Umeshamaliza kulia au nikungoje?"

"Mama, nina jambo la kukuambia. Yule..."

"Ndiye. Najua."

"Umejuaje?" Sista akauliza.

"Wewe mtoto," mama akasema, "unadhani mimi ni kiziwi? Miaka miwili yule kijana ananiamkia kwenye simu kabla hajakupa uzungumze. Aliposema shikamoo pale kwenye ngazi nilimjua kabla hajainua kichwa. Na nyumba yako hii ya maneno! Mwezi mmoja nasikia treni, mwezi wa pili nasikia watoto wanaimba hesabu, mwezi wa tatu nasikia mashine ya kusaga. Nikasema, ama mwanangu amehamia kwenye gari moshi, ama ananidanganya. Ndiyo maana nilikuja leo. Nilitaka kuona kabla hamjanipangia cha kuona."

"Ulijua! Mbona basi hukusema pale mlangoni?"

"Nilikuwa nakungoja useme wewe." Mama akasukuma viatu vyake chini ya kitanda. "Nilikungoja mlangoni. Nikakungoja njia nzima. Yale maswali ulidhani namuuliza yeye?"

Sista akaketi sakafuni, akaweka kichwa kwenye magoti ya mama, yale mabovu, na mama akamwacha.

"Mimi na baba yako tulianza kwenye stoo ya watu," mama akasema. "Nyumba haijawahi kunitisha. Kaka yako nilishamwambia kabla sijapanda basi, kwamba nikimkuta mtu anakutunza, nitarudi na neno moja tu, ndiyo. Nimekuta kigoda cha kupandia kitandani. Nani aliyekuambia uwe na aibu?"

Hakuna aliyemwambia. Hilo ndilo lililomuuma. Alitafuta mtu wa kumtwika lawama, kaka, dalali, mwalimu wa watu, akakosa.

"Mpigie," mama akasema. "Mwambie nimekubali."

Akatoka uani, akachomeka simu kwenye soketi ya karibu na mlango, akapiga. Jua lilikuwa bado lipo juu ya paa za majirani. Iliita mara nyingi.

"Mama amekula?" Ndilo la kwanza alilosema Fundi.

"Bado. Nampikia sasa hivi."

"Maji ya bomba yafungue taratibu, yanaruka."

"Sawa. Utarudi?"

Nyuma ya Fundi zilisikika sauti za wanaume, mtu anaburuta ngazi, mwingine anacheka.

"Sijui," akasema. "Nakudanganya nikisema narudi, na nakudanganya nikisema sirudi." Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza asichotaka kuuliza: "Mama anasemaje? Kuhusu mimi."

Neno lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, limeiva. Amekubali. Angesema hilo tu, na Fundi, kwa alivyomjua, angeoga, angevaa shati lake moja zuri, angekuja kabla ya chakula kuiva. Angeinama kumshukuru mama. Wazee wa pande mbili wangekaa. Yote aliyoyataka kwa miaka miwili yalikuwa ndani ya neno hilo.

"Amesema chumba ni kizuri," Sista akajibu. "Amesema asante kwa kigoda."

"Haya," Fundi akasema. "Msalimie." Na simu ikakatika.

Akasimama uani mpaka akahakikisha uso umekauka, kisha akaingia. Mama alikuwa amekwisha kumenya vitunguu viwili.

"Anakuja saa ngapi?"

"Haji, mama."

Kisu kikasimama. "Hata baada ya kumwambia nimekubali?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini, mwanangu?"

Sista akachukua kisu mkononi mwa mama, akavuta kitunguu cha tatu karibu yake.

"Angerudi kwa heshima yako," akasema. "Nami nisingejua kama amerudi kwangu."